Baba Yake Atupele

Orodha ilirudi kutoka mjini siku ya Jumanne, imepigwa taipu vizuri, na jina la tisa lilikuwa la wifi yangu Atupele.

Nilikuwa uani nageuza kakao kwenye jamvi. Hebroni, mwenyekiti wetu wa kijiji, aliegemeza baiskeli kwenye mgomba akanikabidhi karatasi bila salamu. Huyu ni mtu wa rika la marehemu mume wangu Yohana, walichunga ng'ombe pamoja, na hajawahi kuingia kwangu bila kusema mwagonile. Nikafuta mikono kwenye khanga, nikajua kuna jambo.

"Soma namba tisa, shemeji."

Nikasoma. "Atupele. Hajiwezi."

"Atupele hajiwezi?" Hebroni alishika kiuno. "Juzi nimempita njiani ana gunia la mpunga kichwani, na anaimba. Mwanamke anayeweza kunipiga mimi na kaka yangu kwa siku moja, leo ndiye fukara wa kijiji?"

"Mimi sikuandika Atupele. Niliandika baba yake Atupele."

Hebroni alinitazama, kisha akatazama chini. Alielewa palepale. Yeye ni Mnyakyusa, na mke wake nyumbani anaishi kama mimi.

Niseme jinsi ilivyokuwa. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa serikali mpya, baada ya uchaguzi wa vyama vingi. Redioni walisema hazina imekutwa tupu, madeni ya nje yamefika shingoni, na kwamba mambo ya bure yamekwisha, sasa kila mtu achangie matibabu yake. Hata huku kwetu Ngana, ambako gari huonekana msimu wa kakao tu, tuliyaona hayo kwa macho. Chama cha ushirika kilikufa, ghala lake likabaki na popo. Wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao. Walimu wawili wa shule yetu walipunguzwa kazini, mmoja sasa anauza mitumba. Na kwenye zahanati pakawekwa meza ndogo mlangoni, kwamba ukifika unaanza na shilingi mia tano, ndipo daktari akuone.

Kwa wasiokuwa nacho tuliambiwa kijiji kichague watu kumi watakaotibiwa bila kuchangia. Kumi tu, kijiji kizima. Kila kitongoji kilimtuma mjumbe wake wa kamati ya zahanati alete majina. Kitongoji cha kwetu mjumbe ni mimi. Nilichaguliwa kwa sababu nilimaliza darasa la saba na akina mama wa kanisani wananiamini na sadaka. Nilipewa nafasi mbili. Ya kwanza nilimwandika bibi kipofu wa karibu na mto. Ya pili ilikuwa ya baba mkwe wangu.

Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Haingii kwake, hapokei kitu mkononi mwake, na jina lake halipiti mdomoni. Kwa lugha ya nyumbani tunasema ukutila, yaani kumwogopa, lakini si woga wa kumwogopa simba, ni heshima iliyokaa mwilini. Niliolewa nikiwa na miaka ishirini. Kwa miaka ishirini na minane nikisikia fimbo yake njiani najificha nyuma ya migomba, nachuchumaa, nageuka upande wa pili mpaka apite. Kipo chombo cha jikoni ambacho jina lake linakaribiana na la kwake. Mimi nakiita kile cha kupakulia, na watoto wangu wamekua wakikiita hivyo. Wakati wa mazishi ya Yohana tulisimama pande mbili za kaburi, mimi na yeye, nimejifunika khanga mpaka kidevuni. Sijui mpaka leo kama alimlilia mwanawe.

Basi ilipofika namba ya tisa, mkono wangu uliandika kama mdomo wangu unavyosema kila siku: baba yake Atupele. Nikaona ni sawa. Kijijini nani asiyemjua?

"Kijijini ndiyo," akasema Hebroni. "Mjini ofisini kabaki mpiga taipu mmoja, wenzake wamepunguzwa. Kaona Atupele, kapiga Atupele. Na sasa kilabuni wanasema mjumbe kamweka wifi yake, mwanamke mwenye afya kama dume la ng'ombe, kaacha wagonjwa."

"Kata, andika jina lenyewe. Wewe unalitaja bila shida."

"Shemeji, nikigusa mimi hii karatasi nimekwisha. Unajua mwenzangu aliyenitangulia alivyotoka. Orodha ya majembe iliondoka hapa na majina haya, ikarudi na majina yale, watu wakamtoa kwa kura za mikono. Na hawa wakubwa wapya kila siku wanahubiri rushwa, rushwa." Alikunja karatasi akanirudishia. "Jumamosi bwana wa wilaya anakuja, mkutano uko kwenye ghala la ushirika. Kila mjumbe atasimama, atasoma majina yake kwa mdomo wake, na aliyesomwa awepo aonekane. Kosa lako urekebishe wewe, mbele ya watu. Akigonga muhuri, haifunguliwi mpaka mwakani."

"Na yeye atakuwepo?"

"Lazima aonekane."

Akapanda baiskeli. Alipofika barabarani ndipo akakumbuka, akapaza sauti bila kugeuka: "Mwagonile!"

Jioni akaja Atupele mwenyewe. Aliachika zamani, akarudi kuishi na baba yake ng'ambo ya migomba yangu, na biashara yake ni kuvusha mchele mto Songwe kwenda kuuza Karonga, upande wa Malawi, ambako tuna nusu ya ukoo. Mimi napika, yeye anapeleka chakula, vyombo anarudisha. Ndivyo mimi na mzee tulivyoishi, yeye akiwa mlango katikati yetu.

Alikaa kwenye kinu bila kukaribishwa.

"Nasikia sijiwezi."

"Nisamehe, wifi."

"Nimekusamehe. Nimepewa hata pole na watu, mmoja kaniletea ndizi." Hakucheka. "Mguu unanuka, wifi."

Nilijua. Wiki ya tatu ilikuwa inakwisha tangu mzee ajikate kwa jembe kwenye jaruba la mpunga. Mvua za huku kwetu hazikaukishi kidonda. Atupele alimpeleka zahanati mara ya kwanza kwa hela ya mchele, mara ya pili kwa kuku wake wa mayai, na mara ya tatu Angetile, ambaye ni mganga wa zahanati ingawa sote tunamwita daktari, alimrudisha kwa kukosa ile mia tano, akamwambia kwa huruma kwamba yeye ameagizwa, hakujitungia.

"Kidole kidogo kimekuwa cheusi," akasema Atupele. "Hilo jina lina herufi ngapi? Nimezihesabu, saba. Mguu wa baba una vidole vitano. Ukiendelea kuhesabu heshima zako, vitabaki vinne."

"Sema wewe mkutanoni. Wewe ni mwanawe."

"Mimi si mjumbe. Na mimi ndiye mwizi wa orodha, umesahau? Nikifungua mdomo pale watanizomea." Akainuka. "Yeye mwenyewe kasema usilazimishwe. Kasema, mwacheni mke wa Yohana."

Maneno hayo yalinipiga zaidi ya yale ya vidole. Miaka yote hiyo sikujua kwamba yeye ananiita mke wa Yohana.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mchungaji. Nilimweleza yote, akanisikiliza vizuri, akaniambia kwamba jina la mtu si dhambi, Mungu mwenyewe anatuita kwa majina, na amri inasema waheshimu baba na mama. Nikamwuliza, "Mchungaji, mama mchungaji humtaja baba yako?"

Alifunga Biblia yake. Halafu akasema tuombe.

Tuliomba. Nilirudi nyumbani kwa njia ya mtoni ili nisikutane na watu, lakini pale kivukoni walikuwepo akina mama watatu wanafua, wakakatiza mazungumzo walipoona miguu yangu. Nikawasalimu. Waliitikia vizuri mno.

Ijumaa niliketi mezani na karatasi ya daftari. Kuandika nako ni kutaja, ila kwa mkono. Nikaandika jina la bibi kipofu, lile halina shida. Chini yake kalamu ilisimama. Nilijaribu kufikiri kwamba ni jina la mtu mwingine, mtu wa Ngonga au wa mbali kabisa, lakini jina ni lake. Nilipomaliza herufi ya saba nilifunika karatasi kwa Biblia, nikatoka nje na kusimama kwenye mvua kidogo. Nilikuwa nimeliandika, na hakuna kilichotokea, mbuzi wanakula. Lakini nilijua kesho si ya mbuzi.

Nilifikiri pia kukimbia. Nakiri. Nina dada Ikombe, ukifika Matema unachukua mtumbwi, na huko akina mama wanafinyanga vyungu, hakuna anayemwuliza mtu habari za orodha. Nikawaza hivyo mpaka nikaona hata nguo nitakazobeba. Kisha nikawaza Jumamosi saa nne, namba tisa inaitwa, hakuna mjumbe, muhuri unagongwa, na Atupele anabaki fukara kwa mwaka mzima.

Bwana wa wilaya alifika kwa baiskeli ya kuazima, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Alikuwa kijana, jina lake Erasto, si mtu wa huku, Kiswahili chake cha bara ya mbali. Gari la ofisi, alisema, halina mafuta tangu mwezi uliopita. Alikaa juu ya gunia tupu la ushirika, akavaa viatu vyake kwanza, ndipo akaanza kuhutubia.

Alieleza kwamba serikali inajenga upya, kwamba uchumi sasa ni soko huria, na kwamba wananchi tuvumilie.

Bibi mmoja akanyoosha mkono. "Mwanangu, kakao ni huria, mitumba ni huria. Dawa nazo zitakuwa huria lini?"

Watu walicheka. Erasto naye akacheka kidogo, halafu akajifuta uso. "Mama, mimi mwenyewe mshahara sijauona mwezi wa pili huu. Nikikudanganya nitakuwa nimekuonea."

Baada ya hapo watu wakampenda.

Mzee aliletwa akiwa amekaa kwenye karia ya baiskeli, Atupele akiisukuma. Sikumwona. Nilisikia fimbo ikigusa saruji ya ghala, kisha kikohozi chake, mara mbili fupi na moja ndefu. Walimkalisha nyuma yangu, ukutani. Nikavuta khanga mbele ya uso. Harufu ya mguu ilinifikia.

Wajumbe wa vitongoji vingine walisoma. Waliosomwa waliinuka, wakaonekana, wakakaa. Nikaitwa.

"Namba nane," nikasema, nikamtaja bibi kipofu. Akanyanyua fimbo yake.

"Namba tisa," akasema Erasto, akitazama karatasi yake. "Hapa nina Atupele."

Mtu wa nyuma akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Fukara wa magunia!"

"Ni kosa langu," nikasema. "Si Atupele."

"Sasa ni nani, mama?"

Nilikuwa na karatasi mkononi, nimeinua mpaka usawa wa macho.

"Mama, sema jina tu. Ni jina moja."

Hebroni alikohoa. "Bwana Erasto, kuna mila hapa…"

"Mwenyekiti, naheshimu mila. Lakini nikiandika nisichosomewa, kesho mimi ndiye nitaulizwa."

Alikuwa na haki. Kila mtu pale alikuwa na haki. Hebroni na kiti chake, kijana na mshahara wake usiokuja, Angetile na meza yake ya mia tano. Hata hao wakubwa wa hazina tupu sikuweza kuwakasirikia vizuri. Nilitafuta wa kumlaumu sikumpata, na nyuma yangu nikasikia fimbo. Mzee alikuwa anajaribu kuinuka. Nilielewa anataka kuondoka, aniokoe.

Nikalitaja.

Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu aliyeamshwa. Pale kwa akina mama nikasikia mtu anavuta pumzi. Mmoja alifunika mdomo kwa kiganja, kana kwamba yeye ndiye aliyesema. Hakuna mluzi tena. Erasto alikuwa ameinamisha kichwa anaandika, hakuelewa kwa nini watu zaidi ya mia wamenyamaza hivyo.

"Yupo?" akauliza.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Nipo."

Miaka ishirini na minane, na hilo ndilo neno lake la kwanza kunijibu mimi.

Muhuri ukagongwa. Nikakaa. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu, tunayeimba naye kwaya, alisogea kidogo kunipa nafasi, nafasi ambayo sikuihitaji.

Jumatatu Atupele alimpeleka zahanati na karatasi yenye muhuri. Kabla ya saa sita walikuwa wamerudi. Akaja uani kwangu peke yake, akakaa kwenye kinu kama siku ile.

"Daktari kaisoma karatasi, kafurahi. Kasema, hongera, huchangii kitu. Halafu kanifungulia kabati." Akafungua viganja vyake viwili. "Sanduku la dawa linakuja mwezi ujao. Bandeji hamna, sindano hamna. Wenye hela wanaandikiwa wakanunue dukani."

Nikavitazama viganja vyake.

"Kasema tuchemshe maji ya chumvi. Asubuhi na jioni, kitambaa safi kila mara. Kasema kikioshwa hivyo bila kukosa, kidole kitaondoka lakini mguu utabaki." Alinitazama. "Na mimi kesho navuka Songwe, mchele wa watu uko kwangu, nisipoupeleka hatuli. Narudi Ijumaa."

Alisubiri. Alijua anachokisubiri, na mimi nilijua. Wanawe wengine wako Malawi. Majirani hawaingii nyumba ya mtu kumwosha kidonda siku nne.

"Nenda," nikamwambia.

Nilikuwa na shuka jeupe nililotandika kitandani siku ya msiba wa Yohana na sikulitumia tena. Nikalichana vipande. Nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikabeba sufuria kwa kata kichwani, nikapita migomba ambayo kwa miaka yote ilikuwa mpaka wangu. Mlangoni kwake nilikohoa. Ndani fimbo iligonga sakafu mara moja.

Nikangoja. Kisha nikaingia nikitazama chini.

Alikuwa amelala kitandani, na blanketi amelivuta mpaka juu, amefunika uso na kichwa chote. Mguu tu ndio uliokuwa nje, umewekwa pembeni tayari kwa ajili yangu. Niliujua. Nyayo zake nimeziona kwenye matope ya njia tangu nilipokuwa bibi harusi, kidole gumba kimeelekea ndani kidogo. Nilipiga magoti nikaanza kuosha. Maji yalipogusa kidonda, blanketi lilitetemeka lakini halikushuka. Nilisoma moyoni yale ya Bwana aliyejifunga kitambaa akaosha miguu ya watu wake, ila yeye aliwatazama usoni, nao wakamtazama.

Tulifanya hivyo asubuhi na jioni. Atupele aliporudi Ijumaa nilidhani atachukua sufuria, akasema mkono wangu ni mwepesi kuliko wake, tukaendelea. Hatukusema neno. Yeye alijifunika, mimi nilitazama chini. Kidole kidogo kilitoka siku ya kumi na moja, nikakizika kwenye migomba. Mguu ukabaki.

Kanisani siku hizi akina mama wananisalimu, lakini binti anapoolewa hawaniiti tena kumfundisha. Wanasema moyo wangu ni mgumu. Mvua ilipoezua nyumba mbili za kitongoji chetu, mtu alisema ni kwa sababu kuna jina lilitajwa. Hawakuniambia mimi. Aliniambia Atupele, kwa kucheka, halafu akaacha kucheka.

Mwezi wa kumi mzee alianza kutembea. Nilikuwa njiani na kuni niliposikia fimbo, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshaweka mzigo chini, nimeingia nyuma ya migomba, nimechuchumaa, nimegeuka. Zamani alikuwa akipita moja kwa moja. Siku hiyo fimbo ilisimama karibu na kuni zangu. Akakohoa, mara mbili fupi na moja ndefu. Kisha akaendelea.

Wiki iliyopita Hebroni alileta karatasi mpya, tupu, ya orodha ya mwakani. Alisema mwagonile tangu barabarani. Mkutano utakuwa uleule, kila mjumbe asome kwa mdomo wake.

"Namba tisa bado mwenyewe, shemeji?"

"Bado ni yeye."

Nikachukua kalamu. Namba nane nikaandika mara moja. Halafu nikamwambia Hebroni ageuke aangalie baiskeli yake, naye akageuka.